Siku Tulipovunja Kijiwe

Kijiweni kwetu habari hufika zikiwa zimechelewa miezi mitatu, kwa sababu gazeti letu ni lile ambalo fundi viatu hulishindilia ndani ya viatu vya wateja ili visipoteze umbo. Hulipata kwa mafurushi kutoka ofisi moja ya mawakili, na kabla ya kukunja ukurasa hutusomea. Tumewahi kubishana siku nzima kuhusu mechi ambayo matokeo yake kila mmoja wetu alikuwa anayajua. Hakuna aliyeona tatizo.

Fundi viatu huyo tunamwita Hakimu, maana kila akimaliza kusema hupiga nyundo kwenye chuma chake cha kugongea soli, na baada ya hapo anayeendelea kubisha ni mkaidi. Alhamisi hiyo, yapata saa saba mchana, alitusomea habari ya bibi wa miaka sitini na mmoja aliyehitimu chuo cha kilimo siku moja na mjukuu wake. Picha ilikuwepo, lakini joho tu ndilo lililoonekana. Kichwa cha bibi kilikuwa kimeshaingia kwenye kiatu cha kushoto cha mhasibu wa benki.

"Miaka sitini na mmoja," alisema Breki, akiwa amekaa upande kwenye pikipiki yake ya abiria. "Huyo akiajiriwa leo, barua ya kuajiriwa na barua ya kustaafu zitakuja kwenye bahasha moja."

Breki anaitwa hivyo kwa sababu hana, si za pikipiki tu, hata za mdomo. Wakacheka. Mikasi, kinyozi ambaye duka lake linatazamana na benchi, akatoka mlangoni na kitana mkononi kutoa maelezo ya kitaalamu. Alisema vichwa vya watu anavishika yeye kila siku, kwa hiyo asifundishwe na mtu. Kichwa kikifika miaka thelathini kinafunga, kama utosi wa mtoto unavyofunga, na ukimwagia elimu baada ya hapo inateremka mabegani. Ndiyo maana watu wazima huumwa mabega. Nywele zake mwenyewe siku hiyo zilikuwa nyeusi kama kiwi ya Hakimu. Mikasi ana miaka thelathini na minane, na amekuwa nayo tangu mimi nikiwa kidato cha tano.

Mstaafu, ambaye alifanya kazi masijala ya serikali miaka thelathini na mmoja na mpaka leo hubeba kalamu kwenye mfuko wa shati ingawa hakuna anayemletea kitu cha kutia sahihi, aliuliza kitu kimoja tu: kama bibi huyo alifuata utaratibu.

Mimi nikasema, kwa moyo wangu wote, kwamba habari ile ni nzuri sana, na kwamba laiti kila mtaa ungekuwa na bibi kama huyo. Wakanigeukia wote kwa pamoja. Mimi nilihitimu chuo kikuu mwaka jana, na kwa sasa natoa fotokopi katika duka la vifaa vya ofisi lililo nyuma ya benchi. Wananiita Digrii.

"Huyu ndiye shahidi wetu," alisema Hakimu. "Alisoma akamaliza. Sasa tazama anavyotoa kivuli cha vyeti vya wenzake." Akapiga nyundo.

Kwa kawaida hapo ndipo Dada Mkubwa angewanyamazisha. Huyu ndiye mwenye kijiwe, kama kijiwe kinaweza kuwa na mwenyewe. Amekuwa akiuza chai na kahawa kwenye kona hii miaka kumi na minne, majiko mawili, mabirika mawili, na benchi moja refu ambalo mguu wake wa nne ni jiwe. Watu wote humwita Dada Mkubwa, hata Mstaafu ambaye angeweza kumzaa. Lakini siku hiyo alikuwa kimya. Alikuwa anammiminia Mikasi kahawa, ikajaa kikombe, ikajaa kisahani, ikaanza kumfuata Mikasi kwenye suruali, naye anatazama mbali.

"Dada, Dada, unanichemsha," alisema Mikasi.

Akaweka birika chini. "Huyo mnayemcheka ana sitini na mmoja," alisema. "Mimi nina arobaini na minne. Basi nichekeni kwa kadiri."

Akafungua kopo la vikombe safi na kutoa bahasha ya kahawia. Ilikuwa barua ya chuo cha uuguzi. Amechaguliwa, masomo ya asubuhi, miaka mitatu. Barua ikazunguka benchi zima kama kitoto kichanga, kila mtu akiishika kwa mikono miwili. Breki aliisoma mara mbili, na mara zote mbili alikosa la kusema. Sikuwahi kuona hilo kabla.

Kidogo kidogo, huku akikoroga sukari ambayo haikuhitaji kukorogwa, akatueleza. Aliacha shule kidato cha pili mama yao alipofariki. Baba alikuwa ametangulia. Nyuma yake walikuwa wadogo watano, akawasomesha mmoja baada ya mwingine. Akaolewa, akapata watoto wawili. Mume akaenda kutafuta kazi mji mwingine, akaipata, na mke juu yake. Watoto akawasomesha pia. Wa mwisho alipomaliza ufundi umeme mwaka juzi, Dada Mkubwa akaketi kitandani akajiuliza zamu inayofuata ni ya nani, akakuta hakuna aliyebaki kwenye foleni ila yeye. Kwa hakika alikuwa ameanza kujiandaa kabla ya hapo. Alifanya mtihani wa sekondari akiwa mtahiniwa binafsi, akaanguka, akarudia, akapita.

Vile vitabu vilivyokaa chini ya meza ya vikombe tulikuwa tumeviona wote. Tulidhani ni vya kuwashia moto. Mikasi, kwa aibu, akakiri kwamba aliwahi kuchana ukurasa mmoja akafutia wembe.

"Ulikuwa wa nini?" aliuliza Dada Mkubwa.

"Ulikuwa na picha ya maharage mawili."

"Figo hizo. Ndiyo maana mara ya kwanza figo zilinishinda."

Tukacheka, naye akacheka, na nilidhani shida imekwisha. Kumbe ndipo alipotoa karatasi ya pili. Hii ilikuwa fomu ya mlezi. Chuo kile kimezoea kupokea vijana waliotoka sekondari jana, na fomu zake hazijui mtu mwingine. Kila mwanafunzi lazima awe na mzazi au mlezi wa kumdhamini kitabia. Dada Mkubwa alikuwa amempigia simu karani, akamweleza umri wake, akamweleza kwamba yeye mwenyewe ni mlezi wa nusu ya ukoo. Karani akamjibu kwamba mfumo haukubali mwanafunzi asiye na mlezi. Fomu isipofika na sahihi kabla ya saa kumi jioni ya Alhamisi, nafasi anapewa mwingine.

"Alhamisi ipi?" aliuliza Mstaafu.

"Hii tuliyoikalia."

Breki akawasha pikipiki. Hakimu akamwambia aizime, hakuna pa kwenda bado. Mstaafu akavaa miwani na kutusomea masharti. Mlezi awe amemzidi mwanafunzi umri. Mlezi awe anamfahamu mwanafunzi kwa miaka isiyopungua mitano. Mlezi aambatanishe kivuli cha kitambulisho. Hilo la kivuli nililichukua mimi, nikafurahi kwamba elimu yangu imepata matumizi.

Wadogo zake wote, kwa sababu ni wadogo, walikuwa wametoka kwenye hesabu. Wajomba walikwisha, na mama mdogo wa mwisho walimzika mwaka juzi. Breki akapendekeza mwenye nyumba aliyempangishia Dada Mkubwa. Dada Mkubwa akasema afadhali abaki bila elimu kuliko kumpa yule mtu sababu ya kumwita yeye "mwanangu". Basi tukaanza kutazamana kwenye benchi. Breki alikuwa na ishirini na tisa. Hakimu arobaini na moja, na alisema kwa masikitiko ya kweli kwamba hajawahi kutamani uzee kama leo. Macho yakahama taratibu mpaka kwa Mikasi.

"Msinitazame hivyo," alisema Mikasi. "Mimi nina thelathini na minane."

"Mdogo wangu," alisema Dada Mkubwa kwa upole, "kama ndiyo ukweli, nimekusikia."

Mikasi akasimama pale na kitana chake. Tulijua anachoogopa. Kuna mwalimu wa chekechea anayekuja kunyolewa ukingo wa nywele kila wiki, na inasemekana mambo yanaelekea pazuri. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akaingia dukani, akarudi na kitambulisho akiwa amekifunika kwa kiganja kama mtu anayeficha karata. Akasema kwamba atakayelitoa neno hili hapa, asirudi kwake na kichwa. Kisha akampa Mstaafu.

Mstaafu akasoma mwaka. Akasoma tena. Mikasi alikuwa na miaka arobaini na minne. Breki akaanguka kutoka kwenye pikipiki iliyosimama.

"Arobaini na minne ya mwezi gani?" aliuliza Hakimu.

Dada Mkubwa alizaliwa mwezi wa tatu. Mikasi alizaliwa mwezi wa saba wa mwaka huohuo. Alikuwa amepungukiwa miezi minne. Alirudishiwa kitambulisho chake akakipangusa kwenye aproni, akaketi kwenye ncha ya benchi, akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo nimezeeka bure." Nilimhurumia kuliko ninavyoweza kueleza. Hakimu hakupiga hata nyundo.

Alibaki mmoja. Mstaafu ana sitini na tatu, anamfahamu Dada Mkubwa tangu birika la kwanza, na kalamu anayo. Sote tulikuwa tumejua tangu mwanzo kwamba ni yeye, ila hatukutaka kumharakisha. Akaiweka fomu kwenye goti, akatoa kalamu, akaifungua kofia. Halafu akasoma sharti la nne, akarudisha kofia ya kalamu.

Sharti la nne lilisema hivi, na nalinakili neno kwa neno kwa sababu nilitoa kivuli chake: *Mlezi anathibitisha kwamba mwanafunzi hatashinda vijiweni, yaani mahali ambapo watu hukaa bila kazi wakijadili mambo yasiyowahusu.*

Ilikuwa saa nane kasoro kumi. Mstaafu akatutazama mmoja mmoja, kisha akalitazama benchi.

"Siwezi," alisema.

Hapo palichafuka. Breki alimwambia hiyo ni karatasi tu, mzee, apige sahihi tuondoke. Hakimu alimuuliza kama anadhani karani atakuja kuhesabu vikombe. Mstaafu akajibu kwamba kwa miaka thelathini na mmoja majalada yote ya wilaya yalipita mikononi mwake, na hakuna hata moja lenye sahihi yake chini ya maneno ya uongo. Wakubwa walimtuma, hakutia. Ndiyo sababu aliingia karani akastaafu karani. Dada Mkubwa akienda chuo asubuhi, mchana atarudi hapa hapa kwenye birika, maana ni asubuhi tu ambapo mwanawe atamshikia biashara. Atashinda wapi basi, kama si kijiweni?

Wakajaribu kumshinda kwa hoja. Mikasi akasema hapa si kijiwe, ni mahali pa biashara. Mstaafu akakubali kwamba kwa Dada Mkubwa ni biashara, lakini sharti halisemi yeye anafanya nini, linasema mahali penyewe pana watu gani. Hakimu akasema watu wa hapa wana kazi. Mstaafu akamuuliza tangu asubuhi ameshona viatu vingapi. Breki akasema mambo tunayojadili yanatuhusu. Mstaafu akamuomba ataje moja. Breki alifikiri sana. Tangu asubuhi tulikuwa tumejadili talaka ya mwanamuziki, mshahara wa kocha, na bibi wa watu aliyehitimu kilimo.

Dada Mkubwa aliinua kifuniko cha birika, akakirudisha. Alipozungumza hakupandisha sauti.

"Mzee wangu, fomu hiyo naijua. Nimeijaza mara saba. Wadogo zangu watano na wanangu wawili, na kila mara pale kwenye mlezi niliandika jina langu. Ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na saba. Walitaka mlezi wa ishirini na moja, nikaandika ishirini na moja. Nilivaa kanga mbili za marehemu mama ili nionekane mnene. Huo ulikuwa uongo, na umekaa kwenye jalada mahali fulani. Yule mtoto leo anawapelekea watu maji, ni mhandisi. Niende nikamrudishe?"

Mstaafu aligeuza kalamu vidoleni mara nyingi.

"Jalada la shule gani?" aliuliza hatimaye.

"Mzee."

"Nauliza tu."

Kisha akauliza ni saa ngapi, nikamwambia nane na robo. Akaniomba karatasi yenye mistari.

"Andika," aliniambia. "Muhtasari wa kikao cha dharura. Ajenda, moja tu. Kuvunja kijiwe."

Breki alisema kijiwe kina miaka kumi na minne, kimevumilia mvua, migambo na mabirika matatu yaliyotoboka, hakiwezi kuvunjwa kwa kalamu. Mstaafu akasema hivyo ndivyo vitu vyote vikubwa vinavyovunjwa. Hakuwa tayari kuandika uongo, lakini hakuna kanuni inayomzuia mtu kuubadilisha ukweli kabla ya kuuandika. Sharti linasema watu wasio na kazi. Basi kuanzia sasa atakayekaa hapa awe na kazi mkononi. Linasema mambo yasiyowahusu. Basi kuanzia sasa lisizungumzwe jambo lisilotuhusu. Anayeafiki anyooshe mkono.

Tulinyoosha, Breki wa mwisho, kama mtu anayeaga maiti.

Utekelezaji ulianza papo hapo. Hakimu alihamisha sanduku lake la nyundo na gundi hatua tatu mpaka kwenye benchi. Mikasi akatoa kiti chake cha kunyolea na kukiweka chini ya upenu. Breki akatamka, nami nikaandika, kwamba kusubiri abiria ni kazi na inachosha. Mimi nikaleta mashine ya kubana karatasi na rundo la vitabu vya risiti visivyobanwa. Kwa mara ya kwanza benchi lile lilionekana kama karakana.

Hakimu, aliyekuwa ameshika kiatu cha mhasibu, ndiye aliyeliona tobo.

"Na wewe mzee, kazi yako nini?"

Alisema bila ubaya, lakini neno lilitua vibaya. Mkono wa Mstaafu ukaenda mfukoni ilipo kalamu, ukabaki pale. Kwa masharti aliyoyatunga mwenyewe, yeye peke yake ndiye aliyekuwa anapafanya mahali hapa kijiwe. Nikajua pia kwamba ni miaka minne sasa hakuna mtu aliyemuuliza swali hilo, na kwamba labda huja hapa kila siku ili asiulizwe. Nilitamani kusema kitu kizuri.

"Kazi anayo," alisema Dada Mkubwa. Alikuwa anaosha kikombe, hakugeuka. "Kuna somo la mwili wa binadamu, majina mengi kama daftari la mahudhurio. Nataka mtu wa kunishikia kitabu aniulize, na nikikosea asinionee huruma. Hawa wengine watanicheka au wataniachia."

Mstaafu akakohoa. "Saa ngapi?"

"Kila siku, saa tisa mpaka saa kumi na moja. Moto ukiwa umetulia."

"Likizo?"

"Hakuna."

"Miaka mitatu?"

"Nikifeli, minne."

"Basi ni kazi," alisema Mstaafu. Akafungua kofia ya kalamu, akaweka fomu juu ya sanduku la Hakimu, akatia sahihi ndefu ya kiofisi yenye mikia miwili. Akaipuliza ikauke. Nikambania nyuma yake kivuli cha kitambulisho na muhtasari, kurasa mbili, mahudhurio watu sita.

Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Dada Mkubwa akafungua aproni akampa Hakimu, akapanda nyuma ya Breki, nao wakaondoka kwa namna iliyotukumbusha jina lake linatoka wapi.

Saa moja na nusu iliyofuata ilikuwa ndefu kuliko yote niliyowahi kukaa kwenye benchi lile. Hakimu alitia sukari mara mbili kwenye chai moja na hakutia kabisa kwenye nyingine, kisha akawaambia wateja wachanganye wenyewe. Mikasi alifungua mdomo kuhusu mechi ya Jumapili.

"Unacheza?" aliuliza Mstaafu.

"Hapana."

"Basi haikuhusu."

Mikasi akafunga mdomo. Hakimu akaanza kusoma kichwa cha habari, akajishtukia, akakikunja na kukisukuma ndani ya kiatu. Tulikaa kimya, kila mtu na kazi yake, tunasikia nyundo, mkasi, na mashine yangu ya kubana karatasi. Mama mmoja aliyekuwa anapita na kapu la sokoni alisimama, akajitanda kanga vizuri kichwani, akauliza kwa sauti ya chini ni nani amefariki.

Walirudi saa kumi na dakika kumi na tano. Breki alikuwa anaongea kabla hajafika, lakini Dada Mkubwa alimgusa bega akanyamaza. Akashuka, akachukua aproni yake kutoka kwa Hakimu, akaonja chai, akaitema. Ndipo akatoa nakala yenye mhuri. Imepokelewa. Chini yake karani alikuwa ameandika muda kwa mkono: saa tisa na dakika hamsini na tatu.

Mikasi akaruka. Hakimu akapiga nyundo mara saba. Mimi machozi yalinitoka, wakanicheka, nikaacha yatoke.

Mstaafu alisubiri kelele ziishe. "Sharti la nne walisemaje?"

"Hawakusema."

"Muhtasari je?"

Akautoa mkobani ukiwa na duara la kikombe cha chai juu ya mahudhurio. "Karani amesema huu si wao. Hakusoma hata mstari, mzee wangu. Aligonga mhuri huku anatazama pembeni. Walikuwa watatu mle ofisini, wana chai yao, wanabishana kama yule mwanamuziki alikuwa na haki ya kuacha mke."

Uso wa Mstaafu ulipita mahali pagumu, kisha ukatulia. "Kwa hiyo pale ni kijiwe."

"Chenye mhuri," alisema Dada Mkubwa.

Breki akasugua mikono. Alisema kama ni hivyo, tumeteseka bure, sasa turudi kwenye ile talaka, kwa maana yeye ana maoni. Mstaafu akamwambia akae. Karani hakusoma, lakini yeye alisoma, na sahihi ni yake. Akatazama saa: zilikuwa zimebaki dakika thelathini na tano za kazi. Akachukua kitabu kutoka chini ya meza ya vikombe, kile chenye ukurasa uliochanwa, akakifungua mbali na figo.

"Mguu mmoja wa binadamu," alisoma, "kuanzia kwenye kifundo kushuka chini. Mifupa mingapi?"

Dada Mkubwa alifumba macho, midomo inahesabu. Tungemwacha. Nia tulikuwa nayo. Lakini Hakimu ameshika miguu ya watu miaka ishirini, na kuna mambo mtu hawezi kuyavumilia.

"Sita," alisema. "Vidole vitano na kisigino."

"Kumi na sita," alisema Breki. "Kila kidole kinakunjika mara tatu. Na kisigino chako hicho."

"Kidole gumba hakikunjiki mara tatu."

"Changu kinakunjika."

"Basi kimevunjika, nenda hospitali."

Mikasi alisema inategemea mtu na mtu, na mwanamume ana mmoja pungufu. Nikamkumbusha kwamba huo ni ubavu. Akasema ulitoka popote ulipotoka. Mstaafu akagonga kitabu na kuuliza kama jambo hili linatuhusu, na Hakimu akamuuliza yeye mzee hana mguu? Hapo Mstaafu alifikiri, akapima, akatoa uamuzi kwamba lilikuwa linatuhusu. Basi lango likafunguka. Breki akavua kiatu. Hakimu akavua vyote viwili. Mikasi akapandisha unyayo juu ya kiti cha kunyolea akawa anaubonyeza kama mtu anayechagua parachichi. Watu wawili waliokuwa wanapita wakasimama, mmoja akasema nane, mwingine akasema ana shangazi aliyekatwa mguu na hospitali ilihesabu. Kelele ikawa ile ile ya miaka kumi na minne, na naungama kwamba nilikuwa nimeikumbuka ndani ya saa moja na nusu. Mimi mwenyewe nilikuwa mguu peku, nimefika kumi na moja.

"Ishirini na sita," alisema Dada Mkubwa.

Mstaafu akashuka na kidole kwenye ukurasa, taratibu, mpaka mwisho wa mstari. Akatoa kalamu, akaweka alama ya vema pembeni.

"Ishirini na sita kila mguu," alisema Dada Mkubwa akifuta benchi kwa kitambaa, akianzia upande tuliokalia. "Miguu miwili, hamsini na miwili. Haya, kila mtu akusanye mifupa yake hamsini na miwili aende nayo kwake. Mimi nasoma, na mlezi wangu yuko kazini."

Tukavaa viatu, tukaondoka.